Mama Chungulia na Kamera Isiyo na Kitundu

Jina la Mama Chungulia hakulitafuta, lilimkuta kazini. Tangu mtaa umfahamu alikuwa mpiga picha, na tangu hapo alipiga picha kwa namna ile ile: kamera usoni, jicho la kulia kwenye kitundu, jicho la kushoto limefumbwa kwa nguvu mpaka shavu linapanda, mdomo umekwenda upande kama wa mtu anayeonja dawa. Watoto walioletwa studio wakilia walinyamaza wakimwona hivyo, wengine kwa kicheko, wengine kwa woga. Kwa kazi yake vyote viwili vilifaa. Mtoto aliyenyamaza anapigika.

Studio yenyewe ilikuwa nusu ya chumba. Nusu ya pili ilikuwa ya mumewe, Fundi, na cherehani yake. Katikati lilining'inia pazia la buluu lenye ajira mbili: upande wa mke lilikuwa mandhari ya picha za kitambulisho, na upande wa mume lilikuwa ukuta wa mahali pa kujaribia suruali. Zipo picha mtaani mle ambazo ukizitazama vizuri utaona nyuma ya bega la mwenye picha pazia limebonyea. Hicho ni kiwiko cha mteja wa Fundi.

Kamera yake ya zamani, kubwa na nzito kama tofali, ilikufa kifo cha kawaida cha kamera: ilidondoka. Binti yao wa pekee, karani wa kukata tiketi katika kampuni ya mabasi mji mwingine, akatuma nyingine kwa basi, ndani ya soksi. Ilikuwa kamera ndogo ya dijitali. Fundi aliitoa kwenye soksi, akaigeuzageuza kiganjani.

"Hii ni kamera," akauliza, "au ni sabuni ya wageni?"

Mama Chungulia aliipeleka moja kwa moja kwenye jicho la kulia, akafumba la kushoto, na pua yake ikagonga plastiki. Hapakuwa na kitundu. Akampigia binti yake simu.

"Hakina kitundu kidude chako."

"Hazina vitundu siku hizi, mama. Unatazama kwenye kioo, huko nyuma. Unaona kila kitu kabla hujapiga."

"Na jicho la kushoto nilifanyie nini?"

"Liache wazi, mama. Yote mawili yaache wazi. Umepewa mawili ya nini?"

Ndani ya studio mambo yalikwenda. Matatizo yalianzia mlangoni. Lugha yetu ina neno moja, kioo, kwa kile unachotazamia wenzako na kile unachojitazamia mwenyewe, na kamera ile ikitolewa tu juani ilihamia kwenye maana ya pili. Mama Chungulia aliinua kamera kuwapiga wahitimu wa chuo cha ualimu, wamepangwa vizuri kwenye ngazi saa sita mchana, na alichokiona kiooni kilikuwa kidevu chake, ukingo wa kofia yake, na wingu moja lililokuwa likipita zake. Akaelekeza kamera kule alikokumbuka wahitimu wapo, akaomba dua fupi, akabonyeza.

Picha ilitoka na viatu vyote na vichwa nusu.

"Mama, mimi ni yupi hapa?" akauliza mwalimu mmoja mpya.

"Wewe ni huyo mwenye kiatu cha kahawia."

"Wenye viatu vya kahawia tuko wengi!"

"Basi chagua, mwanangu. Sikuzuii."

Hakuwa peke yake katika shida hiyo, na hapo ndipo msiba ulipojificha. Kila mwenye simu alilalamika hivyo hivyo. Barabarani uliona watu wazima wamejiinamia chini ya makoti yao, au wamegeukia kuta, wanasoma ujumbe kwa kuunusa. Kwa hiyo Mama Chungulia alipoanza kuona vibaya mchana, hakuwa na sababu ya kujishuku. Jua lilikuwa mtuhumiwa mzuri: kubwa, linajulikana na wote, na haliitwi kuhojiwa.

Mengine madogo nayo yalipewa maelezo. Bega lake la kushoto lilikuwa limeanza kugombana na mwimo wa mlango. "Umekua, bibie," Fundi akasema, "au mlango umekonda?" Siku nyingine alimimina chai kando ya kikombe, kwa utulivu na ustadi, kama aliyeelekezwa hivyo. Walicheka wote wawili, wakafuta meza.

Fundi ndiye aliyeleta suluhisho la jua. Alichukua bitana nyeusi ya koti lililosahauliwa na mwenyewe, akaishona mfano wa mfuko usio na kitako: upande mmoja una mpira wa kubana mgongo wa kamera, upande wa pili una tundu la jicho moja. Aliifanyia kamera ile vipimo kama mteja. "Kifua kidogo huyu," alinong'ona na futi yake, "lakini mabega anayo." Alipomaliza, Mama Chungulia alisimama katikati ya barabara, jua utosini, akaingiza jicho la kulia kwenye bitana. Ndani mlikuwa giza, na mwisho wa giza kioo kiling'aa kama dirisha la nyumba yenye watu. Akamwona Fundi amesimama na futi shingoni, mzima, kichwa na viatu.

Akafumba jicho la kushoto. Shavu likapanda, mdomo ukaenda upande. Mtaa ukamrudia Mama Chungulia wake.

Kazi ya dalali ilikuja muda mfupi baada ya hapo. Dalali wa nyumba huyu alikuwa na imani moja ambayo hakuwahi kuiacha: nyumba ipigwe picha saa sita mchana, kwa sababu saa hiyo haina kivuli, na ufa usio na kivuli ni mstari tu. "Nyufa hulala saa sita," alikuwa akisema. Alimsimamisha Mama Chungulia mbele ya nyumba tupu yenye ukuta mweupe kiasi cha kuumiza meno, na yeye mwenyewe akajipatia kivuli cha mlango wa jirani.

"Chukua mlango, chukua dirisha, bomba la maji usilichukue."

"Lina nini?"

"Halina kitu. Ndiyo maana."

Mama Chungulia alifanya kazi, jasho likimtiririka chini ya kofia. Tone moja likapita nyusi likaingia jicho la kulia, likachoma kama chumvi kwenye kidonda. Alifikicha, likazidi. Basi, ili asipoteze muda, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya katika maisha yake yote ya kazi. Alihamisha bitana upande wa pili, akaweka jicho la kushoto.

Giza.

Si giza la kioo juani, ambalo lina kidevu na wingu. Giza tupu, isipokuwa ukingoni kabisa, upande wa sikio, ambako palikuwa na weupe kidogo, kama taa ya chumba cha jirani inavyoonekana chini ya mlango.

"Dalali," akasema, "kamera imekufa."

"Imekufaje na taa yake inawaka?" Dalali alitoka kivulini kwa uchungu, akaichukua, akaingiza jicho lake. "Mama Chungulia! Mbona humu naona kuliko nje? Naona mlango. Naona dirisha. Naona na paka wa watu juu ya ukuta. Mtoe, bwana, mnunuzi atadhani anauzwa na nyumba."

Mama Chungulia akaipokea kamera. Jicho la kulia lilikuwa limepoa, akaliweka. Mlango, dirisha, paka. Akaweka la kushoto. Hapana mlango, hapana dirisha, hapana paka. Akarudisha la kulia. Paka alikuwa palepale, ananyanyua mguu kujilamba, hana habari kwamba kuna mahali duniani ameshafutwa.

Jua lilikuwa kali kiasi kwamba lami ilinuka, na Mama Chungulia akasikia baridi.

"Mbona unaigeuzageuza kamera, mama?" Dalali akasema. "Tulia. Nyumba haikimbii."

Alipiga zilizobaki. Hakujua alipiga nini. Baadaye Dalali angemsifu kwamba bomba halikuonekana hata moja.

Kurudi nyumbani alipita njia ya ukutani, na kila baada ya hatua chache alisimama akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Kila mara barabara ilizimika. Alipoziba la kushoto, barabara ilibaki yote, watu na maduka, kama vile jicho lile halikuwahi kuchangia chochote. Alikuwa ameziba la kulia mbele ya duka la vyombo wakati kengele ya baiskeli ilipopigwa karibu na sikio lake na upepo wa mtu ukampita.

"We mama! Unacheza kujificha na nani?"

Alichokisikia yeye kilikuwa sauti nyingine, ya zamani: "Nani kaweka stuli hapa?"

Mama yake mzazi aliiaga dunia akiwa kipofu. Ukoo mzima ulikubaliana kwamba ni moshi wa jikoni, na jiko, kwa kuwa halina mdomo, likabeba lawama. Lakini kabla ya upofu palikuwa na kipindi cha stuli. Mama aliigonga stuli, akauliza nani kaiweka pale, na watoto wakagombezwa mmoja mmoja kwa ajili ya stuli iliyokuwa imekaa mahali pake tangu kabla hawajazaliwa. Halafu ikawa ndoo. Halafu ikawa ukuta. Halafu mama akawa anatembea na mkono juu ya bega la binti yake, na binti huyo, aliyekuwa mfupi kiasi kinachofaa, ndiye Mama Chungulia. Uzito wa mkono ule aliukumbuka. Haukuwa mzito. Ulikuwa unabana tu, kila walipofika mahali pa kushuka.

Sasa akahesabu mlango, akahesabu chai, akaacha kuhesabu.

Hakumwambia Fundi. Mtu akiogopa kweli huwa na mipango mizuri sana: angekwenda hospitali baada ya mahafali, baada ya mvua, baada ya kupata kamera nyingine yenye kitundu, kana kwamba ugonjwa ulikuwa wa kamera. Jicho la kushoto alishalisamehe. Hofu yake ilikuwa imehamia upande wa kulia. Alianza kulipeleleza jicho hilo kama mke mwenye wivu: liko wapi, linaona nini, mbona leo limechelewa. Asubuhi, kabla hajaweka miguu chini, aliliziba la kushoto na kuipitia dari yote, pembe kwa pembe. Akikuta pembe zote zipo, alitoa pumzi. Halafu alijiuliza kama pembe huwa ni nne tu.

Kazini akawa mwangalifu kupita kiasi. Mteja aliyekuja kwa picha moja ya kitambulisho alipigwa mpaka akauliza kama anatafutwa na polisi. Akitoka nje aligeuza kichwa kizima kushoto kabla ya kuvuka barabara, kama jogoo, na wanaomfahamu wakasema Mama Chungulia siku hizi ana maringo.

Fundi aligundua kwa sababu ya chaki. Alasiri moja Mama Chungulia alikaa kwenye kigoda cha wateja, uso kwa pazia, kiganja kimeziba jicho la kulia, akilipa la kushoto nafasi nyingine ya kujirekebisha. Pazia likafunuliwa taratibu na Fundi akasimama mbele yake.

"Nipe hiyo chaki."

Mama Chungulia akaruka. "Chaki ipi?"

"Iliyo pajani kwako. Nimekurushia juu ya pazia ugeuke, hukuiona ikija?" Fundi akainama. "Mbona umejiziba?"

"Mwanga unaniumiza."

"Mwanga gani? Umeme umekatika toka asubuhi, nashona kwa kukisia."

Mama Chungulia hakuondoa kiganja. Ilikuwa rahisi zaidi kusema ukiwa humwoni unayemwambia.

"Jicho hili la kushoto halioni, Fundi."

Fundi alianza kucheka, kwa mazoea, kicheko kikafika nusu kikasimama. "Tangu lini?"

"Sijui. Hiyo ndiyo shida. Maisha yangu yote ya kazi nimelifumba. Limeondoka bila kuaga, na mimi nilikuwa nimelifungia mlango."

Fundi aliketi sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa. Alikuwa mtu wa utani, na utani ukimwishia huonekana mzee ghafla.

"Mama yako," akasema.

"Ndiyo."

"Wahenga walisema mficha maradhi..."

"Usiimalizie hiyo methali."

"Siimalizii. Vaa viatu."

"Sasa hivi watakuwa wamefunga."

"Basi kesho. Lakini viatu vavae, nikuone umekubali."

Akavaa viatu. Akakaa navyo mpaka chakula cha jioni.

Kliniki ya macho ilikuwa na mabenchi marefu, na kila aliyekaa alikuwa na mtu wake wa kumshika mkono. Mama Chungulia hakutaka kushikwa. Alisoma herufi za ukutani kwa jicho la kulia mpaka mstari wa mwisho, ule mdogo kama wadudu wa mchele, na moyo ukampanda kidogo. Mtu anayesoma wadudu hawezi kuwa anapofuka. Lakini muuguzi hakumpongeza. Alimpima presha ya macho, akaandika, akapima tena, akampeleka chumba cha ndani.

Huko palikuwa na mashine mfano wa bakuli kubwa jeupe lililolazwa ubavu. Unaweka kidevu, unaingiza uso, jicho moja linazibwa, na mkononi unapewa kitufe.

"Tazama nukta ya katikati tu, mama," muuguzi akaeleza. "Taa ndogo zitawaka huku na huku. Ukiiona taa, bonyeza. Usiitafute. Bonyeza tu ukiiona."

Wakaanza na la kulia. Taa ikawaka, akabonyeza. Nyingine, akabonyeza. Halafu kikaja kimya. Mama Chungulia aliitazama nukta, na kimya kikaendelea, na ndani ya kimya kile akaanza kusikia taa. Zinawaka, akajua. Zinawaka sasa hivi, juu, pembeni, na mimi sizioni, na mashine inaandika. Kidole chake kilikuwa na uzoefu wa hali hiyo. Kilishapiga wahitimu, harusi na nyumba za watu bila kuona kitu, kwa dua na makisio. Kikabonyeza. Kikabonyeza tena. Kikashika mwendo mzuri, wa mtu anayejiamini.

Mashine ikazimwa.

"Mama," muuguzi akasema kwa upole, "mashine inasema umeona taa ambazo haijaziwasha."

Mama Chungulia alitoa uso bakulini. "Ni mazoea ya kazi," akasema. "Kwetu huwa tunabonyeza tu."

"Kazi gani hiyo?"

"Napiga picha."

Muuguzi alimtazama, akaamua kutouliza zaidi. "Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Ukinidanganya, daktari atatibu jicho la mtu mwingine. Turudie."

Wakarudia. Mara hii alibonyeza alipoona tu, na kitu kigumu kuliko hicho hakukikumbuka. Kila kimya kilikuwa na maana mbili: ama taa haijawaka, ama imewaka mahali ambapo yeye hayupo tena. Akaviacha vimya vipite. Machozi yalimtoka, na muuguzi akamwambia asijali, wengi hutoka machozi kwa kutopepesa. Walipohamia jicho la kushoto kitufe kilikaa mkononi bila kazi, kikapata joto.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Aliweka karatasi mbili mezani, duara mbili. Moja ilikuwa nyeusi karibu yote. Ya pili ilikuwa nyeupe, na juu yake, upande mmoja, paliingia weusi kama ncha ya kucha.

"Hili jeusi ni la kushoto," daktari akasema. "Presha ndani ya jicho imekuwa kubwa muda mrefu, imekula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Hauumi, ndiyo ubaya wake. Kilichokwenda hakirudi, mama, sitakudanganya."

"Na hili?"

"Hili limeanza. Pembeni kwanza, katikati mwisho. Ndiyo maana umesoma herufi zote."

Mama Chungulia aliitazama ile kucha nyeusi. "Si jua?"

"Si jua."

"Mama yangu alikuwa hivi hivi. Tulisema ni moshi."

"Wala si moshi, mama."

Fundi, aliyekuwa ameketi pembeni akikunja na kukunjua kofia yake, akakohoa. "Daktari, atapofuka?"

Swali lile Mama Chungulia alikuwa amelibeba kutoka kwenye ukuta wa nyumba ya Dalali, na lilipotoka kwa mdomo wa mtu mwingine alitaka kulidaka lisifike. Lakini lilishafika.

"Akitia dawa ya matone kila siku, maisha yake yote, na akaja kupimwa tunapomwita, kuna nafasi kubwa jicho hili libaki naye. Asipotia, litafuata mwenzake." Daktari akaandika kitu. "Dawa hii hairukwi hata jioni moja, mama. Hata siku unapojiona mzima. Hasa siku hiyo." Halafu akainua kichwa. "Huu ugonjwa hupenda kukaa kwenye familia. Mna watoto?"

Mama Chungulia alidhani ameshaogopa yote yaliyokuwepo ya kuogopwa. Sasa akaona kwamba alikuwa kwenye chumba cha mbele tu.

Walitoka nje. Matone ya kupanua mboni yalikuwa bado machoni, na mchana ulimwangukia kama maji: weupe mtupu, bila mlango, bila benchi, bila Fundi. Alisimama akashika hewa. Mkono wa Fundi ukamkuta.

"Dawa hiyo," Fundi akasema haraka. "Wamesema itaisha jioni. Ni dawa tu. Ngazi hapa, shuka. Nyingine. Basi."

"Mpigie mtoto."

"Tukifika nyumbani."

"Hapa hapa, Fundi."

Fundi akatoa simu. Kioo chake nacho kilikuwa cheusi juani, na mzee wa watu akavua koti, akajifunika kichwa nalo pamoja na simu, akasaka namba humo ndani huku akilaani kwa sauti ya chini. Wapita njia waliona mwanamke analia amefumba macho na mwanamume amejificha ndani ya koti, wakaongeza mwendo. Hatimaye mkono ukatoka chini ya koti na simu inaita.

"Mama? Nipo dirishani, nina foleni hapa."

"Foleni isubiri. Fumba jicho moja."

"Nini?"

"Fumba la kulia. Niambie unaona nini."

"Mama, umekula dawa gani?"

"Fumba, mwanangu. Nakuomba."

Ile *nakuomba* ndiyo iliyofanya kazi. Binti hakuwa ameizoea. Kelele za kituo cha mabasi zikasikika, honi, mtu anauliza basi la saa nane.

"Haya. Naona foleni inanishangaa."

"Sasa fumba la kushoto."

"Foleni ile ile. Imekasirika zaidi."

Fundi, sikio limeegemea upande wa pili wa simu, akacheka kwa sauti mpaka akashika tumbo. Mama Chungulia hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma wadudu wa mchele mpaka mstari wa mwisho.

"Sikiliza. Tazama mbele, mahali pamoja, jicho usiligeuze. Pembeni, juu, upande wa puani. Kuna nini?"

"Pembeni kuna... ngoja." Honi. Mtu akagonga dirisha la tiketi. Binti hakumjibu. "Ngoja, mama. Nimegeuza jicho. Narudia."

Kimya.

"Narudia tena," binti akasema, na utani ulikuwa umemtoka sautini kama rangi inavyotoka kwenye kitambaa kibaya.

Mama Chungulia alishika simu kwa mikono miwili. Mbele yake palikuwa peupe, na katika weupe ule hakuwa na hakika ya kitu chochote isipokuwa kwamba kimya hiki alikijua, na kwamba mtu anaweza kuishi ndani yake muda mrefu sana, anarudia, anarudia.

"Acha kurudia," akasema. "Nimesharudia mimi kwa niaba yako, inatosha. Mabasi si yenu? Kata tiketi, jina lako mwenyewe, ya basi la kesho alfajiri."

"Mama, inaweza kuwa si kitu."

"Inaweza. Kiti cha mbele, tafadhali, na kofia ya kukinga macho uje nayo. Daktari anaanza saa mbili, na nitakuwa kwenye benchi kabla yako."